Jiwe la Shinkolobwe lilipopakwa usoni: historia ya mafuta ya urembo inayopita kwetu Likasi

LIKASI – Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani kwa yaya yangu, katika komini ya Kikula. Binti yake anaolewa mwezi ujao, na nyumba ilijaa watu na hesabu za harusi: viti, mbuzi, vitenge, mpiga picha. Katikati ya hesabu hizo binti akatoa kwenye mkoba tubu ndogo ya mafuta ya uso, akaiweka mezani. Boksi lake lilikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso mweupe unaong'aa, na maneno ya Kifaransa yaliyoahidi kwamba ngozi itabadilika ndani ya siku 7.

Yaya hakusema kitu. Aligeukia dirisha. Wanaomfahamu wanajua kwa nini. Mashavu yake yana mabaka meusi yenye ubuluu, kama ya mtu aliyepigwa juzi, na yapo hapo tangu miaka ya themanini, alipokuwa msichana na kujichubua kama wenzake. Hata kukaa karibu na mbabula kwa muda mrefu hawezi. Joto la makaa linamchoma ngozi.

«Mama asiogope,» binti akaniambia. «Hii si ile yao ya zamani, mjomba. Hii ni ya sayansi.»

Neno hilo «sayansi» ndilo lililonifanya niandike safari hii. Limechapwa kwenye maboksi ya mafuta ya uso kwa muda wa miaka mia moja sasa. Na ndugu msomaji, moja ya mara za kwanza lilipochapwa, kitu kilichokuwa ndani ya kikopo kilikuwa ni kile ambacho dunia yote ilikuwa inakitafuta kwetu, karibu kabisa na mji huu.

Kabla ya bomu

Sisi wa Likasi tukitaja Shinkolobwe, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye bomu. Ni haki. Uraniamu ya mlima ule, ulio kilomita zipatazo 20 magharibi mwa mji, iliingia katika kazi ya Wamarekani iliyoishia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Lakini mgodi ulikuwa umeanza kazi zaidi ya miaka ishirini kabla ya hapo, na wakati huo uraniamu yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotafutwa ni kitu kidogo kilichojificha ndani yake: radiamu.

Radiamu iligunduliwa Paris mwaka wa 1898 na Marie Curie pamoja na mume wake Pierre. Ni chache mno. Ukiwa na tani 3 za uraniamu, ndani yake unapata kama gramu 1 tu ya radiamu. Ndiyo maana gramu moja ilifika bei ya dola 100,000 na zaidi. Waganga waliitumia kuunguza uvimbe wa saratani, na kazi hiyo ilikuwa ya kweli. Wafanyabiashara nao waliona jambo jingine: kitu kinachong'aa chenyewe gizani, chenye jina la sayansi, na ambacho watu wa kawaida hawakijui vizuri.

Mwaka wa 1915 Mwingereza aitwaye Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini huku Katanga, alikuta mawe ya uraniamu pale Shinkolobwe. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inaendelea na Ubelgiji ulikuwa mkononi mwa Wajerumani, kwa hiyo Union Minière ilianza kuchimba mwaka wa 1921. Mawe yalipelekwa Ubelgiji, kwenye kiwanda cha Olen, na mwisho wa 1922 gramu ya kwanza ikatoka. Madini yetu yalikuwa tajiri kuliko ya Colorado, Marekani, ambayo ndiyo yaliyokuwa yanaongoza. Bei ikashuka mpaka dola 70,000 kwa gramu, na wachimbaji wa kule wakafunga. Kwa miaka kama kumi, mpaka Kanada ilipoingia sokoni mwaka wa 1933, radiamu iliyouzwa duniani karibu yote ilitoka Haut-Katanga.

Sasa fikirini kazi yenyewe. Mawe ya Shinkolobwe yalichambuliwa kwa mikono. Baba na babu za watu wa huku walishika jiwe, wakaliangalia, wakaliweka upande wa zuri au upande wa baya. Hakukuwa na mwanamke wa Jadotville, kama mji wetu ulivyoitwa mpaka 1966, aliyepaka radiamu. Ilikuwa inapita tu.

Uso wa Paris

Ilikuwa inaenda wapi? Nyingi ilienda kwenye lopitalo na kwenye rangi ya saa zinazong'aa usiku. Lakini kidogo kiliingia kwenye urembo. Mwaka wa 1933, huko Paris, mfamasia Alexis Moussalli alianza kuuza mafuta ya uso yaitwayo Tho-Radia. Ndani yake, pamoja na thoriamu, mlikuwa na radiamu: robo ya miligramu katika kila gramu 100. Kulikuwa na poda pia, sabuni, dawa ya meno. Kwenye matangazo alionekana mwanamke wa nywele za dhahabu, uso wake ukimulikwa kutoka chini kama vile mwanga unatoka kwenye kikopo chenyewe. Na kwenye boksi lilichapwa jina la Dokta Alfred Curie. Hakuwa ndugu wa Marie wala Pierre Curie, lakini mnunuzi angejuaje? Jina lile lilitosha.

Mnaona mpango huo, ndugu zangu? Kwanza kitu kipya ambacho watu wanakisikia kwa mbali. Pili jina la daktari. Tatu picha ya uso unaong'aa. Tubu ya mezani kwa yaya ilikuwa na vitu vyote vitatu.

Hata wakati Tho-Radia inaanza kuuzwa, hatari ilikuwa imekwisha kuonekana, na walioionyesha walikuwa wafanyakazi. Huko New Jersey, Marekani, wasichana walipaka rangi ya radiamu kwenye namba za saa. Walifundishwa kuichonga brashi kwa midomo, na kila mara walimeza kidogo. Baadhi yao walijipaka rangi hiyo kwenye kucha na hata usoni kwa mchezo, ili wang'ae wakienda kucheza dansi. Radiamu ikiingia mwilini huenda kwenye mifupa kama chokaa, na hukaa humo. Taya zao zilianza kuoza. Watano kati yao walienda mahakamani mwaka wa 1927, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa. Mwaka wa 1932 akafa tajiri Eben Byers, aliyekuwa amekunywa zaidi ya chupa 1,000 za maji ya radiamu akiamini ni dawa ya nguvu. Habari zake zilijaa magazeti ya Marekani.

Ufaransa iliiandika radiamu katika orodha ya sumu mwaka wa 1937. Tho-Radia iliondoa radiamu kwenye vikopo, ikabaki na jina lake, na iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi.

Wale wasichana wa New Jersey majina yao yako kwenye vitabu. Wachambuaji wetu wa Shinkolobwe, walioshika mawe kwa mikono kila siku, hawakuwa na mahakama ya kuwasikiliza katika nchi ya mkoloni.

Glavu za kiwanda cha ngozi

Historia haikuishia kwenye radiamu. Mwaka wa 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kutengeneza ngozi za wanyama. Mikono yao, hasa ya watu weusi, ilikuwa inapoteza rangi mpaka kwenye kiwiko. Sababu ilikuwa ni glavu za mpira walizovaa. Ndani ya mpira mlikuwa na dawa, jamaa ya hidrokinoni, iliyowekwa ili mpira usiharibike upesi.

Ripoti ile ilihusu ugonjwa wa kazi, kama silikosi ya mgodini. Lakini kuna waliosoma habari hiyo wakaona biashara. Kama glavu zinaweza kumtoa mtu rangi bila yeye kutaka, basi kuna watakaolipa watolewe rangi. Hidrokinoni, dawa iliyojulikana zaidi kwa wasafishaji wa picha, ikaingia kwenye tubu za mafuta. Katika miaka ya sitini iliuzwa kwa wingi Afrika Kusini, na kutoka huko na kutoka Ulaya ikaenea Zambia, Kenya na kwetu Kongo.

Kwetu jina moja la biashara, Ambi, liligeuka kuwa jina la kila mafuta ya kujichubua, hata kama yametoka kiwanda kingine. Wakubwa wanakumbuka. Mwaka wa 1972 Mobutu alituambia tuache majina ya kizungu, turudi kwenye uasili wetu. Watu wakaitwa majina ya mababu, wakavaa abakosti na vitenge, na usiku wakapaka ambi. Ndipo watu walipocheka kwamba fulani ana uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Tulicheka sana. Yaya wangu pia alicheka, akidhani ni ya wengine.

Mwaka wa 1975 daktari wa Pretoria, George Findlay, na wenzake waliandika juu ya wanawake waliofika kwao na mabaka ya buluu na meusi mashavuni na kuzunguka macho. Wote walikuwa wamepaka hidrokinoni kwa muda mrefu. Jambo baya ni hili: mafuta yaliyonunuliwa ili kuondoa weusi yalikuwa yameuleta, tena weusi mwingine unaozama ndani ya ngozi, ambao jua huuzidisha. Na mwanamke akiona weusi unaongezeka, anaongeza mafuta. Madaktari wanauita okronosisi. Hata leo ni vigumu sana kuutibu. Ndio huo ulio kwenye mashavu ya yaya.

Ilichukua miaka mingine 15. Mwaka wa 1990 Afrika Kusini ilikataza hidrokinoni katika vipodozi, ikakataza pia matangazo yanayosema mafuta fulani yanafanya ngozi kuwa nyeupe. Umoja wa Ulaya ulikataza hidrokinoni katika mafuta ya ngozi ya dukani kuanzia 2001.

Sabuni isiyooga Mzungu

Kuna sura nyingine ambayo inaniuma zaidi, nayo ni ya zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini inapita kwenye ngozi mpaka kwenye figo. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichunguza watu wazima 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Na mama mwenye mimba hupitisha zebaki hiyo kwa mtoto.

Mwaka wa 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika sabuni na mafuta ya watu wao. Lakini kutengeneza kwa ajili ya kuuza nje hakukukatazwa. Viwanda vya Ulaya viliendelea kutoa sabuni ya zebaki ambayo mtu wa kule hakuruhusiwa kuinunua, ikapakiwa kwenye meli kuja Afrika. Mlango huo ulifungwa kwa sheria mwaka wa 2003 tu. Hesabuni wenyewe: miaka 27.

Mara ya kwanza jiwe letu lilitoka hapa kwenda kupakwa kwenye uso wa Paris. Walipoona hatari, walilikataza. Mara ya pili sumu ilitoka kwao kuja kupakwa kwenye uso wetu. Walipoona hatari, walijikataza wao kwanza. Simwambii mtu achukie Wazungu. Nasema tu kwamba hakuna atakayeusoma mgongo wa boksi kwa niaba yetu.

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulianza kazi mwaka wa 2017, na mwaka wa 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kufikia 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viachwe. Rwanda mwishoni mwa 2018 ilipeleka polisi madukani kukusanya mafuta ya kujichubua. Karatasi zipo. Lakini tubu inapita mpakani kwenye mfuko mdogo kuliko mkate.

Sasa ni sindano na leza

Vijana wanaofuata picha za kwenye simu hawasemi tena ambi. Wanasema sindano za kujaza uso, wanasema leza. Wenye uwezo wanazifuata Lubumbashi, Afrika Kusini au Dubai. Wasio na uwezo wanatafuta anayechoma nyumbani. Hata hayo yana historia.

Mwaka wa 1899 daktari wa Vienna, Robert Gersuny, alianza kuchoma mafuta mazito ya aina ya vaselini chini ya ngozi ili kujaza mahali palipobonyea. Wengine wakaiga, wakajaza pua na mikunjo ya uso. Miaka ikapita, mafuta yale yakahama, yakafanya mabonge magumu na vidonda, na kuyatoa ilibidi kukata nyama. Leo madaktari wengi wanatumia asidi ya hialuroni, ambayo mwili huimaliza pole pole, na kuna dawa ya kuiyeyusha kama kuna hatari. Silikoni ya maji haina dawa ya kuiyeyusha. Na hata ile nzuri, ikichomwa ndani ya mshipa wa damu, inaweza kuua kipande cha ngozi au kupofusha jicho. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayeshika sindano ni: ndani mna nini, na kikiharibika unayo dawa ya kukiyeyusha?

Leza nayo si uongo. Inaondoa nywele na makovu. Lakini mwanga wake hufuata rangi, na ngozi yetu ina rangi nyingi. Mashine isiyopangwa kwa ngozi nyeusi, au mkono usioijua, huunguza, na palipoungua hubaki alama nyeusi au nyeupe. Anayetoka kwenye leza aoshe uso kwa maji na sabuni laini, apake vaselini safi, asibandue magamba, avae kofia, na apake mafuta ya kukinga jua, yale yenye namba 30 na zaidi, kwa wiki nyingi. Jua letu la Katanga halina huruma. Na asipake mafuta ya kujichubua juu ya ngozi hiyo. Wengi huharibikia hapo: wanalipa leza kwa pesa nyingi, wanaona alama kidogo, wanakimbilia tubu ya sokoni.

Mgongo wa boksi

Narudi kwa yaya. Nilimwomba binti boksi lake, tukawasha taa ya simu na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Hidrokinoni haikuwamo. Zebaki, ambayo mara nyingine huandikwa mercure au calomel, haikuwamo. Mlikuwa na neno clobétasol. Binti akasema, «Unaona? Hamna kitu.»

Nikamweleza kadiri nilivyoelezwa na waganga. Hiyo ni dawa ya familia ya kotisoni, tena ya zile kali kabisa. Daktari huiandika kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku chache, mahali padogo. Ukiipaka usoni kila siku, kweli rangi inapungua. Ngozi pia inapungua, inakuwa karatasi. Mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, michirizi haiondoki. Ukiipaka mwili mzima kwa miaka inaweza kupandisha sukari na presha ya damu. Na siku ya kuzaa kwa kisu, ngozi iliyochakaa hivyo inasumbua kushonwa na inachelewa kupona. Aliyeipaka muda mrefu asiikatishe ghafla peke yake. Aende kwa daktari amsaidie kuipunguza.

Nikamwambia pia habari ya Shinkolobwe na ya kikopo cha Paris, kama nilivyowaandikia ninyi. Alisikiliza vizuri zaidi alivyosikia habari ya jina la Curie ambaye si Curie.

Ndipo yaya aliposema neno lake la kwanza jioni ile. «Nami boksi langu lilikuwa na daktari,» alisema. «Picha yake, na koti jeupe.»

Binti hakuitupa tubu. Aliirudisha kwenye mkoba, na mazungumzo yakarudi kwenye viti na mbuzi. Lakini Jumatatu asubuhi alinipigia simu. Aliomba nimwambie herufi kwa herufi lile neno linavyoandikwa, pamoja na yale mengine mawili. Wasichana sita watakaomsindikiza kwenye harusi, kila mmoja ana tubu yake, na walikuwa wamekaa pamoja wakitaka kusoma.

Nikamtajia. Nanyi wasomaji wangu wa Likasi, Panda, Shituru na Kikula, nawatajia vilevile, mwandike kwenye simu zenu kabla ya kwenda sokoni: hydroquinone, mercure, clobétasol.